Kabla ya kumjaribu mgonjwa wa PKU kwa sapropterini

PKU ni ugonjwa wa kurithi ambamo kimeng'enya kinachovunja fenilalanini, kijenzi kimoja cha protini, hakifanyi kazi vizuri, nayo hujaa kwenye damu. Sapropterini ni dawa inayokisaidia kimeng'enya hicho. Jaribio hili linauliza swali moja: je, fenilalanini ya damu imeshuka kwa sababu ya dawa? Usipojiandaa utapata tarakimu bila jibu.

Pima uzito siku ya kuanza. Usitumie ulioandikwa kwenye faili miezi mitatu iliyopita. Dozi ni mg 10 hadi 20 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Mtoto wa kilo 15 kwa dozi ya 20 anapata mg 300, yaani vidonge vitatu vya mg 100. Viyeyushwe kwenye maji, vinywewe ndani ya dakika 15, pamoja na mlo, saa ile ile kila siku. Tumbo likiwa tupu, dawa hufyonzwa kidogo.

Kwa mtoto mchanga, chukua kwanza sampuli za pterini na za kimeng'enya cha DHPR, vipimo vinavyoonyesha upungufu wa BH4. BH4 ni kisaidizi cha asili cha kimeng'enya, na sapropterini ni nakala yake. Mwenye upungufu wa BH4 naye atashuka kiwango akipewa dawa, tena kwa kasi, lakini ugonjwa wake ni mwingine na mara nyingi huhitaji pia dawa za kulinda ubongo.

Majibu ya jeni kama yapo, yasome. Mwenye kasoro mbili zinazofuta kabisa kimeng'enya kinachovunja fenilalanini hana cha kuitikia.

Sasa chakula, na hapa ndipo majaribio mengi huharibika. Chukua familia ambayo kijana wao hukaa kwenye mikromoli 620 kwa lita. Wiki ya jaribio inapofika, kila mtu anakuwa makini: chakula kinapimwa kwa mizani, maziwa maalumu yasiyo na fenilalanini yanamalizwa mara zote tatu, vitafunio vya pembeni vinakoma. Kipimo kinashuka hadi 410. Hiyo ni pungufu ya asilimia 34, na kizingiti cha kawaida ni 30, kwa hiyo anatangazwa kuwa anaitikia. Anaongezewa protini. Miezi miwili baadaye yuko juu ya 800, hatulii darasani, na wazazi wanalaumiwa kwa kulegeza lishe. Dawa haikufanya kitu. Umakini ndio ulioshusha. Kwa hiyo anza umakini huo wiki mbili kabla ya dawa, andika kila gramu ya protini, pima damu angalau mara tatu, na wastani wa hapo ndio uwe mwanzo wako. Dawa ikianza, lishe isiguswe, si kwa kupunguza wala kuongeza.

Mwanzo ukiwa chini sana, mathalani 240, usitegemee asilimia 30 ikuamulie. Hapo mtaalamu wa lishe huongeza fenilalanini kwa kipimo, kidogo kidogo, aone mgonjwa anavumilia kiasi gani.

Homa, kutapika, upasuaji: ahirisha. Mwili unaovunja misuli yake humwaga fenilalanini kwenye damu na kuficha kazi ya dawa.

Damu itolewe asubuhi kabla ya kula. Tone moja lijaze duara lote la kadi ya karatasi inayonyonya damu. Usirundike tone juu ya tone, kiwango kitapanda kwa uongo. Ikauke kwa muda wa saa tatu au nne kivulini, mbali na moto. Usilinganishe kadi na plazma (majimaji ya damu), kwani mara nyingi kadi husoma chini. Maabara iwe moja.

Saa 48 za mwanzo, sampuli za saa 0, 8, 16, 24 na 48 huwakamata wanaoitikia haraka. Wanaochelewa huhitaji hadi wiki nne, kwa hiyo usikate tamaa siku ya pili.

Kiwango kikishuka chini ya 120, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Upungufu nao humdhuru mtoto. Mtajie kila dawa nyingine, hasa levodopa, methotreksati na trimethoprimu. Na soma vibandiko vya dawa za maji na vidonge vya kutafuna: aspatame, kitamu cha kutengenezwa, ina fenilalanini ndani yake.