Somo: Mkwezi na mnazi unaoliwa, au jinsi protini zinavyosogeza kromosomu

Nikisahihisha karatasi za biolojia, sentensi moja nakutana nayo kila mwaka: "Katika anafezi nyuzi za spindeli huvuta kromosomu hadi kwenye ncha za seli." Anafezi ni hatua ya mgawanyiko wa seli ambapo nakala za kromosomu, yaani vifurushi vya DNA, hutenganishwa. Alama inatolewa, tunasonga mbele. Lakini uzi huo hauna msuli wala roda. Unavutaje? Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Kuvishwa pete. Kazi huanza mapema, wakati DNA inanakiliwa. Seli ya binadamu ina kromosomu 46, na kila moja ikishanakiliwa inakuwa kromatidi mbili dada. Protini iitwayo kohesini, yenye umbo la pete, huwafunga dada hao pamoja papo hapo. Mwaka 1997 kikundi cha Kim Nasmyth kule Vienna na cha Douglas Koshland huko Marekani walieleza protini hii wakichunguza hamira, ile ile jamaa ya kuumulia maandazi. Bila pete, seli ingebaki na kromatidi 92 zilizotapakaa, isijue nani ndugu wa nani.

Hatua ya 2: Kukunja mzigo. Protini ya kondensini huzisokota nyuzi za DNA, ambazo hata kabla ya kunakiliwa zina urefu wa mita 2 hivi kwa jumla, zikawa vifurushi vinavyobebeka. Tusikae hapa.

Hatua ya 3: Kutupa mshipi. Nyuzi za spindeli ni mirija, mikrotubuli, yenye upana wa nanometa 25. Inajengwa kwa vipande vya protini ya tubulini vilivyopangwa kama matofali. Mwaka 1984 Tim Mitchison na Marc Kirschner walionyesha kwamba mrija mmoja hurefuka taratibu, kisha ghafla huporomoka, kisha huanza upya. Unaweza kudhani ni hasara tupu. Sivyo. Ni mvuvi anayerusha mshipi gizani: akikosa anauvuta, anarusha upande mwingine, mpaka unase.

Hatua ya 4: Kushika. Kinachonaswa ni kinetokori, rundo la protini lililokaa juu ya sentromia, yaani kiuno cha kromosomu. Kwa binadamu kinetokori moja hushika mirija kama 20 hivi, na mkono wake mkuu ni protini ya Ndc80. Basi sasa mfikirie mkwezi aliyeukumbatia mnazi, na mnazi wenyewe unaliwa kuanzia kileleni. Hapandi, havutwi na mtu, lakini lazima ateremke, maana kila pale anaposhika panatoweka. Mrija huporomoka upande ule ule ulioshikwa na kinetokori. Vipande vya tubulini hubanduka kama maganda ya ndizi, na mkono unahamia chini bila kuachia. Mwendo wenyewe ni kama mikrometa 1 kwa dakika. Kwa kasi hiyo milimita moja ingechukua zaidi ya saa 16! Zipo pia protini zinazotembea juu ya mirija zikichoma ATP (nishati ya seli), kama kinesini na daineini, nazo husaidia, lakini sehemu kubwa ya nguvu ya safari hii inatoka kwenye kubomoka.

Hatua ya 5: Kupima mkazo. Kwangu mimi hapa ndipo penye utamu. Mshipi uliorushwa gizani hunasa vibaya mara nyingi: dada wote wawili wakashikwa na mirija ya ncha moja ya seli. Seli haina macho, itajuaje? Inapima mkazo. Dada wakishikwa kutoka ncha mbili tofauti, pete za kohesini zinawazuia wasiachane, kwa hiyo kamba inakaza, kama mchezo wa kuvuta kamba timu zikitoshana nguvu. Wakishikwa upande mmoja, kamba inalegea. Katikati yao hukaa protini ya Aurora B, ambayo huibandika Ndc80 fosfeti na kuulegeza mkono ili uachie, ujaribu tena. Mkazo ukiwepo, mkono unavutwa mbali na Aurora B na kunusurika. Bruce Nicklas alilithibitisha jambo la mkazo mwaka 1969 kwa seli za panzi: alichukua sindano nyembamba ya kioo, akaivuta kromosomu iliyoshikwa vibaya, na kwa mkazo huo wa kubuni tu ushikaji ule mbaya ukadumu.

Hatua ya 6: Kuchomoa kisu. Kinetokori yoyote isiyoshikwa hutoa ishara ya protini ya Mad2, na moja tu inatosha kuisimamisha seli nzima. Ishara ikizimika, protini ya sekurini inaharibiwa. Sekurini ni ala; kisu ndani yake ni separesi. Ala ikiondoka, kisu kinakata pete za kohesini zinazowashika dada, na dada wanaachana kwa pamoja.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita. Sasa kwenye mtihani niandike nini?

Marahaba mwanangu. Andika "nyuzi hufupika kwa kubomoka kwenye kinetokori". Msahihishaji hatakunyima alama.

Mimi ni muuguzi. Vinkristini, dawa ya saratani, inaingilia wapi hapo? Na kwa nini wagonjwa wanalalamika ganzi vidoleni?

Hatua ya 3, dada. Dawa hiyo inatokana na mmea wa Madagascar, wenye maua ya waridi au meupe, ambao wengi tumeupanda uani. Inaishika tubulini isijenge mirija, Mad2 inaendelea kupiga kelele, seli inakwama na kufa. Imetumika sana kutibu uvimbe wa Burkitt, aina ya saratani, ambao Denis Burkitt aliueleza akiwa Uganda mwaka 1958. Neva hazigawanyiki, ila mirija ndiyo barabara zao za kusafirishia mizigo hadi vidoleni. Ndiyo sababu ya ganzi.

Je, ni kweli umri wa mama unahusika na mtoto kuwa na nakala tatu za kromosomu namba 21?

Kweli. Kohesini ya mayai huwekwa mama akiwa bado tumboni mwa bibi, na inatakiwa kushika hadi yai lipevuke, hata miaka 40. Inachakaa, na dada au jozi huachana kabla ya wakati. Si jambo alilokula wala alilolifanya mama, na wanaomsema wakome.

Mwalimu, tumefanya praktiko ya mzizi wa kitunguu, tumepaka rangi ya asetokamini, anafezi hatuioni kabisa.

Anafezi ni ya dakika chache, wakati matayarisho yote huchukua saa nyingi. Chukueni milimita 2 za ncha tu, msizidishe, msogeze slaidi mhesabu seli mia kadhaa. Kitunguu kina kromosomu 16, kubwa, hivyo mkiipata mtaijua: mafungu mawili ya kromosomu zenye umbo la V, kona za V zikitangulia. Hiyo kona ndipo mkwezi aliposhika.