Mpox iko mtaani, uchanje au usichanje? Soma hii kabla hujaamua

Haya nilianza kumwandikia kaka yangu, dereva wa trela Mombasa mpaka Kampala, kila usiku lojing nyingine, simu yake imejaa voisi za WhatsApp, huyu anasema chanjo inaua huyu anasema usipochanja umekwisha. Nikaona na wengine mnayahitaji.

Kwanza ujue ni kitu gani. Mpox ni ugonjwa wa virusi unaotoa vipele, zamani ukiitwa monkeypox. Hii aina iliyotufikia inaitwa kledi 1b, ilijulikana 2023 Kamituga, mji wa wachimba dhahabu Kivu Kusini, Kongo, ikafuata barabara na watu, mwisho wa Julai 2024 Kenya ikapata mgonjwa wa kwanza mpakani Taveta. WHO, shirika la afya duniani, walitangaza dharura Agosti 2024 wakaifuta Septemba 2025, ila wagonjwa bado wapo. Inashika zaidi kwa kugusana, ngozi kwa ngozi, kitandani, shuka, taulo. Kwa hiyo usijipime kwa kelele za grupu, kaa chini uhesabu siku 21 nyuma umegusana na nani, umelalia shuka la nani, unauguza nani. Nesi wa wodini na mtu anayeshinda dukani kwake hatari yao si moja.

Sasa angalia bega lako, maana hapa wengi wanajidanganya. Mamangu ana kovu la chanjo ya ndui, lile pana limebonyea, na ile chanjo inamkinga kiasi kwa sababu ndui na mpox ni ndugu. Mimi nina kovu pia lakini langu ni la BCG, la kifua kikuu, halina lolote na mpox! Ndui ilitangazwa imetokomezwa 1980 na chanjo yake ikaachwa, kwa hiyo kama umezaliwa baada ya hapo usihesabu hilo kovu.

Chanjo inayotumika zaidi ni MVA-BN, sindano mbili, ya pili baada ya siku 28. Kirusi kilichomo hakiwezi kuzaana mwilini ndio maana hata mwenye HIV anachanjwa. Mkono utauma, unaweza kupata homa na uchovu siku mbili tatu. Tafiti za mlipuko wa 2022, ambao ulikuwa wa aina nyingine, zilikuta dozi moja inakinga karibu asilimia 76 na mbili karibu 82, so aliyechanja bado anaweza kuugua. Mwambie nesi mapema kama una mimba au kuna dawa au chakula kinakudhuru, na uulize kama kundi lako limefikiwa maana dozi ni chache.

Amua mapema jamani. Ukishagusana na mgonjwa, chanjo inasaidia zaidi ndani ya siku 4, sasa ukianza kubishana siku hiyo, siku ya nne itakupita.

Na ukikataa ni haki yako, sitakutukana, ila beba shuka lako na taulo lako, na ukiona vipele vyenye maji na mitoki imevimba usiseme tetekuwanga ukapanda gari kwenda kubeba watoto, watoto wadogo inawaumiza vibaya. Pigia kliniki kabla hujafika wakutengee pa kukaa, na ujitenge mpaka magamba yote yadondoke na ngozi mpya itoke.

Kaka bado anafikiria. Shuka lake tayari liko ndani ya kebini.