Kuokoa memori na muda kwa sys.intern: mfano wa stakabadhi za korosho

Minada ya korosho ikishaanza, kuanzia Oktoba, faili la stakabadhi za ghalani hurefuka haraka. Majina ya wilaya humo ni machache: Newala, Masasi, Tandahimba, Nachingwea, Ruangwa. Lakini Python ikisoma CSV (faili la maandishi lenye safu zilizotengwa kwa mkato) huunda stringi mpya, yaani kipande kipya cha maandishi, kwa kila mstari. "Tandahimba" moja hula zaidi ya baiti 50, kwa hiyo mistari laki moja ni zaidi ya megabaiti 5 za neno lilelile. Bado hujagusa safu za AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima) na ghala. Dawa ni `sys.intern`, ambayo huyafanya maneno yanayofanana yatumie nakala moja.

Hatua ya 1: Jionee mwenyewe

```
a = "".join(["New", "ala"])
b = "".join(["New", "ala"])
print(a == b, a is b)   # True False
```

`==` hulinganisha herufi, `is` huuliza kama ni objekti ileile kwenye memori. Hapa: herufi zilezile, objekti mbili.

Hatua ya 2: Tunza nakala moja

```
import csv, sys
mizigo = []
with open("stakabadhi.csv", newline="", encoding="utf-8") as f:
    for r in csv.DictReader(f):
        w = sys.intern(r["wilaya"].strip().title())
        mizigo.append((w, float(r["kilo"])))
```

`sys.intern` hutazama jedwali la ndani: neno likiwemo, unapewa lile la mwanzo, lisipokuwemo, linawekwa. Lazima upokee kinachorudi, la sivyo hujafanya kitu. Safisha kwanza, maana "NEWALA" na "Newala " ni stringi tofauti kabisa.

Hatua ya 3: Jua faida iko wapi

Kamusi ya Python (`dict`) hutafuta kwa heshi, yaani namba inayokokotolewa kutokana na herufi za ufunguo. Stringi hukokotoa heshi yake mara moja, kisha huitunza. Stringi laki moja mpya zitakokotoa mara laki moja. Ukizitunza kama hapo juu, heshi iko tayari kila unapotafuta bei ya wilaya kwenye kamusi, mfano `bei[w]`. Tena, ufunguo ukiwa objekti ileile, kamusi hailinganishi herufi hata moja.

Ila kama unajumlisha kilo huku ukisoma, kisha mstari unautupa, achana nayo: `sys.intern` yenyewe hutafuta kwenye jedwali kwa heshi, hivyo kazi umeihamisha tu. Inalipa pale mistari yote inapokaa kwenye memori na kurudiwa kwa ripoti ya kila mnada. Namba za stakabadhi usiziguse, hazijirudii.

Hatua ya 4: Pima

Tumia `tracemalloc` kwa memori na `timeit` kwa muda, kwa faili lako halisi. Na katika kulinganisha baki na `==`. Ukiweka `is`, "Masasi" iliyochapwa na karani kwenye fomu itakataliwa, ingawa herufi zake ni sahihi.