Kumuuguza nyumbani Bukavu mgonjwa aliyetoka baipasi ya moyamoya

Kwanza soma barua ya hospitali ujue alifanyiwa baipasi gani, yaani upasuaji wa kuipa damu njia mpya ya kufika ubongoni. Moyamoya ni ugonjwa unaobana polepole ncha za ateri kubwa mbili zinazopandisha damu ubongoni. Baipasi ya moja kwa moja huunganisha ateri ya panja, ile inayodunda mbele ya sikio, na ateri ya ubongo, na damu hupita siku ileile. Katika aina ya pili ateri au msuli hulazwa tu juu ya ubongo, na mishipa mipya huota kwa miezi kadhaa, mara nyingi 3 hadi 6. Mgonjwa wa aina hiyo bado hajapona hata kama kidonda kimekauka.

Baada ya baipasi ya moja kwa moja, wiki mbili za mwanzo cha kuogopwa zaidi ni damu kuzidi ubongoni. Mishipa iliyokaa na njaa ya damu imelegea, haiwezi kujibana upesi. Kichwa huuma, ulimi hukwama, mkono hufa ganzi, au degedege hushika. Mara nyingi hupita, ila damu inaweza kuvuja. Tatizo ni kwamba upungufu wa damu nao huleta karibu dalili hizohizo, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Usimwongezee aspirini wala dawa ya tansio (shinikizo la damu). Mwahishe hospitali akapigwe skana ya kichwa.

Tansio ipimwe asubuhi na jioni, akiwa amekaa kimya dakika 5, mkono ukiegemea mezani usawa wa moyo. Madaktari wengi siku hizo hutaka namba ya juu isipite 130 au 140. Fuata iliyoandikwa kwenye barua yake. Kuishusha mno ni hatari vilevile.

Panja lisibanwe. Mama anayebeba mzigo mgongoni kwa kamba iliyopita kichwani aiache kazi hiyo, maana kamba hukandamiza mshipa wenyewe. Kilemba kifungwe kilegevu, na mkono wa miwani usikwaruze hapo.

Asikaukiwe maji. Malaria au kuhara kwa siku moja kunatosha kuangusha mtiririko wa damu. Mpe mapema SRO, chumvi ya pakiti ya kurudisha maji mwilini. Ikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikisawazishwa juu. Akitapika kila kitu, anahitaji seramu, maji ya kutundikiwa mshipani.

Asipulize makala ya mbabula (jiko la makaa), wala tarumbeta ya kanisani, hadi daktari aruhusu. Kuhema kwa nguvu hupunguza kaboni dioksidi katika damu, mishipa ya ubongo ikajibana. Ndiyo maana mtoto mwenye moyamoya hulegea mkono akilia sana: mbembeleze upesi.

Aspirini haiachwi kwa sababu ya kung'oa jino bila kumuuliza daktari. Kwa maumivu tumia parasetamoli, si ibuprofeni. Mwenye SS (ugonjwa wa selimundu), ambao wenyewe huweza kuleta moyamoya, aendelee na matibabu yake yote, baipasi haiutibu.

Kwenye ufuatiliaji, ekografi ya Dopla ya panja, kipimo cha mawimbi ya sauti, huonyesha kama njia iko wazi: damu husonga hata moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Mtiririko huo ukipungua baada ya miezi bila dalili yoyote, huenda mishipa mipya imepokea kazi. IRM (picha ya mashine ya sumaku) au anjiografia (picha ya mishipa ya damu) ndiyo itakayothibitisha.