Ukisema "athari ya Mashariki" Zanzibar, sema na ya nani

Hili neno limeenea sana, lipo kwenye insha za skuli, kwa maguide wanaotembeza wageni Mji Mkongwe, kwenye vibao vya mahoteli, utasikia "jengo hili lina athari ya Mashariki", "chakula chetu kina ladha ya Mashariki", na hapo maelezo yameisha. Mimi naona neno si baya ila likiachwa peke yake halimwambii msikilizaji kitu, na sisi Wazanzibari ndio khasa wa kulitumia kwa uangalifu mana haya mambo tunaishi nayo majumbani.

Kwanza jua unakusudia Mashariki ipi. Kuna upande linakotoka jua, hiyo haina shida. Halafu kuna Mashariki ya vitabuni, yaani Asia pamoja na nchi za Waarabu, na hiyo wameipa jina watu waliosimama Ulaya. Simama ufukweni Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, uangalie jua linapotoka, mbele yako ni bahari na visiwa vidogovidogo mpaka ufike Indonesia huko. Oman na Bara Hindi kwetu ziko kaskazini mashariki, ndio mana upepo uliokuwa ukileta majahazi ya huko kuanzia Disemba mpaka Machi unaitwa kaskazi, wakirudi wanangoja kusi. Na kuna Mashariki ya siasa, yaani nchi za kikomunisti za zama za vita baridi. Yale majumba marefu ya Michenzani, hapa mjini Unguja, yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kwa hivyo mtu akisema Michenzani kuna athari ya Mashariki hajakosea, ila si Mashariki ile ya milango ya nakshi, na usipofafanua mgeni atachanganyikiwa.

Kuna jengine. Wataalamu wa Ulaya kwa muda mrefu waliziweka nchi zote hizo kapu moja, kuanzia Morocco mpaka Japani, kama watu wa tabia moja wasiobadilika, na Edward Said, Mpalestina, aliliandika hilo kwa urefu mwaka 1978. Kwa hivyo ukilitumia neno hili jiulize: nimemtaja nani, lini, na kimefikaje?

Chukua mlango, kitu ambacho guide yeyote atasimama nacho. Usiseme "mlango wa Mashariki". Tazama juu. Kama kizingiti cha juu kimenyooka mara nyingi ni mtindo wa zamani zaidi, ule wanaouita wa Kiarabu au wa Ki-Oman. Kama juu kuna upinde na nakshi za maua na majani yaliyojaa, hapo mkono wa Kihindi upo, na mtindo huu ulishika kasi zama za Sultan Barghash (1870 mpaka 1888), ambaye kabla ya kutawala alipelekwa uhamishoni Bombay. Ukikuta mbao zimegawiwa vipande vya mraba na mlango unakunjana, huo ni wa Kigujarati, yaani wa jimbo la Gujarat huko India, wengi ni wa maduka. Halafu shusha macho kwenye mfaa, ule mti wa katikati, na kwenye miimo ya pembeni, utaona nakshi nyengine kabisa, mana fundi wa hapahapa naye alikuwa na yake. Na ile misumari ya shaba yenye ncha, watu husema kule India ilikuwa ya kuzuia tembo, hapa ni pambo na kuonyesha uwezo wa mwenye nyumba, basi sema hivyo hivyo. Sentensi nzuri ni kama hii: "Mlango huu una upinde wa Kihindi wa zama za Barghash." Fupi, na mtu ataweza kuutambua mwengine peke yake akipita uchochoro wa pili.

Angalia pia neno lenyewe na kitenzi chake. "Athari" kwa Kiswahili mara nyingi tunaisikia kwenye ubaya, athari za mafuriko, athari za dawa, kwa hivyo ukiandika "jengo limeathiriwa na Wahindi" linasikika kama limeharibiwa. Andika "limefuata mtindo wa", "lina mkono wa", "lilijengwa kwa mfano wa".

Wala usitegemee jina la kitu kukuonyesha kilikotoka. Mahindi jina lake linaelekeza India lakini zao lenyewe asili yake Amerika. Pilipili manga, Manga ni Uarabuni, ila pilipili yenyewe ya India, Waarabu waliileta tu. Jina linakwambia nani alikupa, si lazima likwambie ilikoota.

Kwa Pemba mfano wangu ni karafuu, na hapa naomba msiharakishe. Mti asili yake visiwa vya Maluku, Indonesia. Uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, jina tumelichukua kwa Waarabu, mashamba makubwa yakawa ya Wa-Oman, fedha za kukopesha zikitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na waliolima na kuchuma walikuwa watumwa waliotolewa bara. Kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndio ikashika usukani mpaka leo. Sasa ukiona karafuu zimeanikwa jamvini, makonyo, vile vijiti vyake, yametengwa pembeni, ukaandika "athari ya Mashariki" ukaweka nukta, umewafuta wale wa bara wote, na hilo mimi silikubali hata kwa insha ya mtoto wa darasa la saba.

Neno la jumla liweke pale mambo mengi yamekutana kweli. Taarab kwa mfano, inasimuliwa Barghash ndiye aliyeitoa Misri, kikundi cha Ikhwani Safaa kikaanza 1905 na ala za nyuzi za Kiarabu, ganuni na udi, baadae zikaingia tuni za filamu za Kihindi, na mashairi ni Kiswahili chetu. Hapo sema "athari ya Mashariki" ukipenda, ila sentensi inayofuata itaje Misri na India kwa majina.