Somo: Feni ya bafuni inayonguruma na kutetemeka

Feni ya bafuni ikianza kunguruma mpaka mtu wa chumba cha pili akose usingizi, wengi wetu tunaing'oa na kununua nyingine. Inaniuma kuona hivyo, maana nyingi zinazotupwa huku Mtwara na Lindi mota yake bado nzima. Na hiyo mpya nayo itapiga kelele kama chanzo hakikuguswa: chumvi ya hewa ya bahari, unyevu wa kuoga na vumbi vinagandana juu ya mapanga, vinakausha bushi (pete zinazoshika mhimili wa mota), vinakula skrubu.

Nazungumzia zile feni za plastiki za inchi 6 hadi 10 zinazofungwa kwenye tundu la ukuta au dirisha, zenye vibao vyepesi upande wa nje vinavyofunguka hewa ikitoka.

Sikiliza kabla ya kushika bisibisi

Iwashe, simama pembeni, tulia. Kila kasoro ina mlio wake, na ukiujua mlio unaokoa nusu ya kazi.

Mtikisiko mzito unaoingia mpaka ukutani: mapanga hayana uzito sawa, au skrubu za fremu zimelegea. Mkwaruzo mkavu, hasa dakika za mwanzo: bushi zimekauka. Tak-tak-tak isiyo na mpangilio, leo ipo kesho haipo: vibao vya nje. Ikivuma tu bila kuzunguka, izime hapohapo, kwa sababu mota iliyokwama huku ina umeme huchemka mpaka waya zake zinaungua.

Kuna jaribio moja nalipenda. Feni ikiwa inazunguka, chukua mpini mkavu wa ufagio, ukandamize pembe ya fremu, mbali na mapanga. Kelele ikipungua, tatizo liko kwenye ufungaji wa ukutani. Isipobadilika, tatizo liko ndani.

Kata umeme, kisha hakikisha

Zima breka ya laini hiyo, usiitegemee swichi ya bafuni. Zipo nyumba ambazo swichi imefungwa kwenye nyutro (waya wa kurudishia umeme), kwa hiyo feni inasimama lakini waya wa moto bado unafika kwenye mota. Testa uijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme ujue inafanya kazi, ndipo uguse nyaya za feni. Usifanye kazi hii sakafu ikiwa imelowa, na mtu mwingine nyumbani ajue breka imezimwa kwa sababu, asije akairudisha.

Kama nyaya hazina rangi za kueleweka au zimeunganishwa ovyo kwa selotepu, ishia hapo. Ita fundi umeme.

Kufungua na kusafisha

Vua kava la mbele. Skrubu zilizoota kutu usizilazimishe, zitavunjika vichwa. Zipulizie dawa ya kulegeza kutu na uzipe robo saa. Kabla hujang'oa mapanga, weka alama kwa kalamu kwenye panga na kwenye shafti (ule mhimili wa mota), ili yarudi palepale yalipokuwa. Nati ya katikati ikikataa, jaribu kuizungusha kufuata mshale wa saa. Baadhi ya feni hufunguka kinyume na tulivyozoea.

Sasa tazama mapanga kwa karibu, mbele na nyuma. Uchafu wa mgongoni ndio unaosahaulika. Feni moja niliyoifungua Mikindani, katika nyumba iliyokaa muda bila mtu, ilikuwa na kiota cha nyigu nyuma ya panga moja, tonge la udongo mkavu lisilozidi punje ya korosho. Ukiizungusha kwa kidole ilikuwa kimya kabisa. Ukiiwasha, ukuta wote unatetemeka.

Sababu ni kasi. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na mota ya ncha nne za sumaku kwenye umeme huo haivuki mizunguko 1,500 kwa dakika, yaani 25 kwa sekunde. Nguvu inayoyumbisha haipandi sawa na kasi: kasi ikiwa mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Kwa hiyo tonge dogo usilolisikia kwa kidole linakuwa nyundo mota ikishika kasi.

Osha mapanga na kava kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Usikwangue kwa kisu, utapunguza plastiki upande mmoja ukajitengenezea tatizo jipya. Mota usiioshe kamwe, itoe vumbi kwa brashi kavu ya rangi. Acha kila kitu kikauke kabisa, na msimu wa masika usiwe na haraka.

Bushi na mafuta

Hapa ndipo feni nyingi zinapoponea, na ndipo nyingi zinapouawa.

Shika ncha ya shafti, izungushe. Iende kwa ulaini na isimame polepole. Kisha itikise juu na chini: ikicheza waziwazi, bushi imelika na mafuta hayatasaidia, badilisha bushi au mota. Kama haichezi ila ni nzito, imekauka. Futa shafti kwa kitambaa, na kutu kidogo iondoe kwa msasa laini sana. Kuzunguka bushi kuna pete ya felti inayotunza mafuta. Idondoshee mafuta ya cherehani, matone mawili matatu kila upande wa mota, zungusha kwa mkono, subiri yanywewe, futa yaliyozidi.

Mafuta ya kupikia hapana, yanageuka gundi. Oili chafu ya gari hapana, ina masizi na vumbi la chuma. Ile dawa ya kulegeza kutu nayo ni nyepesi mno: kelele inakatika siku hiyohiyo, halafu inarudi, na safari hii bushi haina hata mafuta yake ya zamani.

Feni nyingine zina beringi za gololi. Hizo zikikwaruza zinabadilishwa. Namba imechongwa ubavuni, kwa mfano 608, ambayo tundu lake ni milimita 8 na upana wa nje 22. Nenda dukani nayo mkononi.

Kurudisha

Fuata alama ulizoweka. Kabla ya kufunga kava, shikilia penseli kwenye fremu, ncha yake iguse kwa shida ncha ya panga moja, kisha zungusha kwa mkono. Kila panga lipite palepale. Likiwapo linalopita mbali au linalogonga penseli, limepinda, na mapanga ya plastiki yaliyopinda sikushauri uyanyooshe kwa moto.

Fremu isibane ukuta mkavu. Weka vipande vyembamba vya mpira wa tyubu ya baiskeli kati ya fremu na ukuta, kaza skrubu kwa zamu kona kwa kona. Matundu yaliyopanuka yabadilishie fisha (kile kiplastiki cha kushika skrubu ukutani) kubwa zaidi. Kwa nyumba za pwani tumia skrubu zisizoshika kutu, hata kama bei yake inauma.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Ligula:* Shikamoo fundi. Mimi niliweka mafuta ya nazi, ikatulia vizuri. Sasa asubuhi inagoma kuanza, mchana inakubali. Ni kapasita?

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kapasita, yaani kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza, tuyaangalie mafuta. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kipindi cha kusi asubuhi zetu zinashuka hapo. Chupa yako ya jikoni ikiamka nyeupe, ujue na bushi imeamka hivyohivyo. Toa shafti, safisha bushi na felti kwa mafuta ya taa ukiwa nje ya nyumba, acha vikauke, weka mafuta ya cherehani. Ikigoma bado na shafti ni laini mkononi, hapo ndipo kapasita. Nunua yenye maikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, na usiguse miguu ya ile ya zamani kwa vidole, huweza kuwa na chaji hata umeme ukiwa umezimwa.

*Kutoka Shangani:* Kaka, yangu inagonga hata ikiwa imezimwa. Usiku wa upepo hatulali.

Pole sana. Hiyo ni vibao vya nje, na ukuta wako bila shaka unatazama upepo. Vifute chumvi kwenye bawaba zake, kisha gundisha utepe mwembamba wa sponji pale vinapogongana. Visiwe vizito tu, hewa ya feni ishindwe kuvifungua. Suluhisho la kudumu ni kofia ya nje yenye mdomo unaotazama chini.

*Kutoka Lindi mjini:* Yangu ilikufa ghafla. Fundi akasema fyuzi ya ndani ya mota imekatika, akaiunganisha moja kwa moja. Sasa inazunguka vizuri tu. Niiache?

Usiiache, dada yangu, na tafadhali izime leo. Fyuzi hiyo imelazwa juu ya waya za mota ili ikatike mota ikichemka kupita kiasi. Ilikatika kwa sababu, pengine bushi zilikauka shafti ikakwama. Sasa ikikwama tena hakuna cha kuizuia, itachemka hadi plastiki ishike moto, na feni za bafuni huachwa zikizunguka watu wamelala. Ifungwe fyuzi yenye nyuzi joto na ampea zilezile, na kilichoichemsha kitafutwe. Fyuzi ya aina hiyo isipopatikana, badilisha mota.

*Kutoka Nachingwea:* Yetu haina kelele baada ya kusafisha, asante. Lakini kioo bado kinajaa mvuke.

Bandika karatasi moja ya chooni kwenye kava feni ikiwa inazunguka. Ikinata, feni inavuta. Kisha funga mlango urudie. Karatasi ikianguka mlango ukifungwa, bafuni haina pa kuingizia hewa mpya, na feni haiwezi kutoa kisichoingia. Kata mlango chini upate upenyo wa sentimita moja na nusu hivi, au fungeni wavu wa hewa sehemu ya chini ya mlango. Na iacheni izunguke robo saa baada ya mtu wa mwisho kuoga.