SOMO: Namna ya kuingiza chombo cha angani katika orodha yetu ya vyombo vya kubuni vya filamu na tamthilia, na kueleza jina lake lilikotoka

Kwa muda mrefu nimekuwa nikijibu swali lile lile, siku nyingine mara mbili au tatu: "Nimekiona chombo fulani kwenye filamu, nakiingizaje?" Nimechoka kulijibu kipande kipande, kwa hiyo nimeandika jibu lote hapa, na kuanzia leo atakayeuliza nitamwelekeza kwenye somo hili.

Hatua ya kwanza. Hakikisha kwamba chombo hicho hakijaingizwa na mwingine.

Hatua ya pili. Nakili jina herufi kwa herufi, kama linavyotumika katika tamthilia yenyewe. Katika Star Trek: Deep Space Nine vyombo vidogo vya daraja la Danube (daraja ni kundi la vyombo vyenye muundo mmoja) vimepewa majina ya mito, na kimojawapo kinaitwa Yangtzee Kiang, kikiwa na "e" ya ziada ambayo haimo katika tahajia ya kawaida. Usiwasahihishe waliokibuni. Andika walivyoandika, kisha ueleze kwamba ni mto Yangtze wa China.

Hatua ya tatu. Andika namba ya usajili na daraja, lakini usijenge hoja juu ya namba. Constellation ya Star Trek, iliyoonekana mwaka 1967, ina namba NCC-1017, na wapo walioshikilia kwamba lazima iwe kongwe kuliko Enterprise, chombo kikuu cha tamthilia hiyo, yenye NCC-1701. Ukweli ni mwepesi zaidi: kielelezo kidogo kilichopigwa picha kilitengenezwa kwa seti ya plastiki ya kuunganisha Enterprise, ya aina iliyouzwa madukani, na mafundi walizipanga upya tarakimu za stika zilizokuwamo.

Hatua ya nne. Tenganisha asili ya ndani na asili ya nje. Asili ya ndani ni sababu ambayo wahusika wenyewe wanayo ya kukiita chombo hivyo. Asili ya nje ni sababu ya mwandishi au mtengenezaji aliyeketi mezani akachagua jina. Nostromo ya filamu ya Alien (1979) imetokana na riwaya ya Joseph Conrad ya mwaka 1904 yenye jina hilo, na Sulaco ya filamu iliyofuata mwaka 1986 ni mji uliomo katika riwaya hiyo hiyo, lakini wahusika hawaelezi lolote kuhusu majina hayo. Kwa hiyo sehemu ya asili ya ndani inaachwa wazi, na uwazi huo si kasoro.

Hatua ya tano ni ushahidi, na hapa ndipo nilipojikwaa mimi mwenyewe. Nilipoingiza USS Kelvin ya filamu ya Star Trek ya mwaka 2009, niliandika bila kusita kwamba imeitwa kwa heshima ya Lord Kelvin, mwanasayansi ambaye kipimo cha jotoridi kinabeba jina lake. Nani angenibishia? Vyombo vingi vina majina ya wanasayansi, na jina lilikuwa linakaa pale kama kifuniko juu ya sufuria yake. Ingizo lilikaa hivyo miezi mingi, wenzangu wakalinakili, mmoja akalitumia kama mfano wa kuwafundishia wageni, hadi nilipokuja kusoma kwamba Kelvin ni jina la babu mzaa mama wa mwongozaji J.J. Abrams, na kwamba amelipenyeza katika kazi zake nyingine pia. Kulifuta kwangu kulichukua dakika moja. Kulifuta kwa walionakili hakujaisha hadi leo. Basi zingatia: jina kufanana na la mtu mashuhuri si ushahidi. Ushahidi ni kauli ya aliyelitunga au kitu kinachoonekana kwenye picha yenyewe. Ukikosa vyote viwili, andika "haijathibitishwa" na uishie hapo, hata kama moyo unakuwasha.

Mfano wa ushahidi wa picha ni Nebuchadnezzar ya The Matrix (1999). Simamisha filamu pale kamera inapopita kwenye kibao cha chuma: utasoma "Mark III No. 11", chini yake jina la chombo, kisha maneno kwamba kimetengenezwa Marekani mwaka 2069. Anayeijua Biblia ataifungua Marko 3:11, ambapo pepo wachafu wanaanguka mbele ya Yesu na kumwita Mwana wa Mungu, na ataelewa kwamba kibao kinamzungumzia Neo, mhusika mkuu wa filamu hiyo. Jina lenyewe ni la mfalme wa Babeli aliyesumbuliwa na ndoto katika Danieli sura ya 2. Kibao unakiandika kama ushahidi. Maana yake unaiandika kama tafsiri. Usivichanganye.

Hatua ya sita. Taja dakika na sekunde ulipokiona, kisha hifadhi.

MASWALI YA WANACHAMA

Chombo_Kasi: Mkuu, nakiingizaje chombo cha Uhura?

Jibu: Uhura ni mtu, si chombo. Ni ofisa wa mawasiliano wa Enterprise, na jina lake limetokana na neno letu "uhuru". Hatua ya kwanza hadi ya sita ziko hapo juu.

Chombo_Kasi: Niliuliza tu, mbona ukali?

Jibu: Sikukasirika. Nimejibu ulichouliza.

Baharia77: Nostromo ni Kiitaliano, maana yake ni "mtu wetu". Umeliacha jambo hilo makusudi?

Jibu: Sikuliacha, ningeliweka kwenye ingizo, si kwenye somo. Tena umelitaja nusu. Katika Kiitaliano cha mabaharia, nostromo ni serahangi, yule anayewasimamia mabaharia wengine melini, na Conrad anachezea neno hilo pamoja na "nostro uomo", yaani mtu wetu. Ukitaka kuliongeza, ongeza yote mawili.

Binti Sayari: Shikamoo mwalimu. Chombo kikibadilishwa jina katikati ya hadithi, tunakiingiza mara mbili? Nimekwama kwenye Rocinante ya tamthilia ya The Expanse.

Jibu: Marahaba. Swali zuri, na nilipaswa kuliwahi. Tunakiingiza mara moja, chini ya jina linalojulikana zaidi, na jina la awali linapewa mstari wa kuelekeza tu. Chombo hicho kilikuwa Tachi cha jeshi la Mars kabla ya nahodha wake, Holden, kukiita Rocinante, jina la farasi wa Don Quixote. Hapo unayo asili ya ndani iliyo wazi kabisa, kwa kuwa aliyelichagua ni mhusika, na tabia ya Holden ya kupigana na vilivyo vikubwa kuliko yeye inalifaa jina hilo.

Baharia77: Na ile Enterprise ya kweli, chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, mbona haimo?

Jibu: Kwa sababu ni ya kweli. Ila inastahili kutajwa chini ya ingizo la Enterprise, maana ilikuwa iitwe Constitution, na mwaka 1976 mashabiki wakaandika barua nyingi sana kwa ikulu ya Marekani hadi jina likabadilishwa. Kichekesho ni kwamba Enterprise ya tamthilia yenyewe ni ya daraja la Constitution.

Binti Sayari: Nimevutiwa na vyombo vidogo vya Star Trek: The Next Generation. Kimoja kinaitwa El-Baz, kingine Onizuka. Naweza kuvichukua?

Jibu: Vichukue vyote viwili. Farouk El-Baz ni mwanajiolojia aliyezaliwa Misri, aliyewafundisha wanaanga wa Apollo kuutazama Mwezi kwa jicho la mtaalamu wa miamba. Anza na huyo, kwani habari zake ni nyingi na wengi wetu hatumfahamu.

Binti Sayari: Nimemaliza yote mawili, naomba uyapitie.

Jibu: El-Baz limekaa sawa. Kwa Onizuka, mwanaanga wa Marekani, umeandika kwamba alifariki katika ajali ya chombo cha NASA kiitwacho Columbia; ni Challenger, tarehe 28 Januari 1986. Rekebisha hapo, kisha uhifadhi.